Jani Kwenye Mlango wa Kinu

Wananchi wa visiwa vyote mnatangaziwa kwamba kuanzia tarehe ya leo kisiwa cha Laravet kimekuwa cha kwanza katika Pasifiki nzima kuachana na mafuta yaletwayo na meli. Jenereta yake haiunguzi tena hata kijiko kimoja cha dizeli. Mamlaka ya Mafuta ya Mimea inawapongeza wakazi wake na inawahimiza wenzao waige.

Tangazo hilo lilisomwa redioni mara tatu kwa siku, wiki nzima, mwezi wa saba. Nililiandika mimi, Abel Tarosa, Mkaguzi Mkuu wa Ruzuku katika Mamlaka hiyo, na sijutii hata nukta yake. Kila neno lilikuwa kweli. Jenereta ya Laravet haikuunguza dizeli. Ni kweli pia kwamba haikuunguza kitu kingine chochote, lakini fomu haikuwa na nafasi ya kuandika hilo.

Naandika maelezo haya kwa sababu maneno mengi yasiyo na adabu yamesemwa mjini kuhusu safari ya Mheshimiwa Edmond Virambat, Waziri wetu, na siku alizozidisha kisiwani. Wapo wasemao alizuiliwa. Hakuzuiliwa. Alitii sheria, na si jambo la kawaida, ndiyo maana watu hawakulitambua walipoliona.

Chanzo ni swali la wafadhili. Serikali ilipoomba fedha za kujenga kinu cha kukamua mafuta ya nazi kwa ajili ya jenereta, wafadhili walijibu kwa barua ya upole: je, hamtaunguza chakula cha watu? Kamati ikakaa siku tatu hotelini mjini, ikaamua kwamba ruzuku italipwa kwa nazi zile tu ambazo imethibitika haziliwi. Lilibaki swali dogo: utathibitishaje kwamba nazi hailiwi?

Hapo ndipo nilipoinua mkono. Mimi ni mzaliwa wa Laravet. Tangu utoto najua kwamba ukilifunga jani la namele kwenye mti, au kwenye kijiti pembeni ya mwamba wa samaki, hakuna atakayegusa. Si mwizi, si mgeni, si mwenye mti mwenyewe. Ni mwiko. Jani litafunguliwa na mkono uleule uliolifunga, baada ya mwenye mkono huo kuchinja nguruwe mbele ya chifu. Serikali ya kikoloni ilikuja na polisi, ikaondoka na polisi wake; jani likabaki pale pale.

Kamati ilifurahi mno. Nilipewa heshima ya kuandika Kanuni ya Saba, nikaiandika kama nilivyofundishwa kuandika, na walimu waliokuwa wakipima pambizo kwa rula. Kitu chochote chenye uwezo wa kutoa nishati, kikifungwa jani na mwenyeji au mgeni wa heshima, hakiguswi na mtu yeyote wa cheo chochote. Kikifunguliwa, aliyekifunga ndiye wa kwanza kukitumia. Hilo nililiweka kuwakomesha wachuuzi wanaonyemelea nazi za watu. Atakayekaidi, miezi mitatu jela.

Nilitaka kuandika "mnazi", lakini mjumbe mmoja aliyesoma mimea alisema mnazi kwa hakika si mti, ni jamaa wa nyasi, mwenzake akamwita mwongo, na kamati ikapoteza siku nzima. Tukakubaliana kuandika "kitu". Karani wa sheria naye alijaribu kuchomeka maneno "isipokuwa maofisa wa serikali walio kazini." Niliyafuta kwa kalamu nyekundu. Sheria yenye mlango wa nyuma ni banda la kuku.

Uzinduzi ulifanyika mwezi wa tano. Mheshimiwa Waziri alishuka kwenye boti akiwa na shada la maua hadi masikioni, akajitambulisha kwa vyeo vyake vyote vitano: Waziri, Mbunge, Mwenyekiti wa Kamati ya Nazi, Mlezi wa Vijana, na Balozi wa Hiari wa Hewa Safi. Chifu Molirongo, mwenye kisiwa, alimsikiliza akihesabu kwa vidole. Nilidhani anapunga nzi.

Ilipangwa Waziri afunge jani moja kwenye mnazi mmoja. Alifunga ishirini na mawili, kwa kuwa mpiga picha hakuridhika na mwanga. Kisha akaliona jengo jipya la kinu, jeupe, lenye mlango wa bluu.

"Na hapa pia," akasema.

"Mlangoni, Mheshimiwa?" aliuliza Chifu.

"Mlangoni, Chifu. Nataka nchi nzima ione serikali inavyokilinda kinu chake."

"Una hakika?"

"Mzee wangu, mimi nikifunga kitu kimefungwa."

"Hilo nalijua," Chifu akasema, akatazama vidole vya miguu yake.

Waziri akafunga jani kwenye komeo la mlango wa kinu, mafundo mawili, akapigiwa makofi. Kinu hakikuwa kimefunguliwa hata siku moja kabla ya hapo, wala hakikufunguliwa miezi mitatu iliyofuata.

Matokeo yalizidi matarajio. Ruzuku ililipwa kwa kila mnazi wenye jani, hivyo kufikia mwezi wa sita hapakuwa na mnazi Laravet usio na jani. Waliifunga mirefu na mifupi, iliyozaa na iliyokufa. Mmoja ulikuwa umepigwa na radi mwaka wa kimbunga, ukabaki kigogo, nao ulipata jani na ruzuku. Nazi zilidondoka zenyewe zikaota chini ya mama zao. Zebulon, fundi wa kinu, alikaa nje ya mlango wa bluu kwenye kiti cha plastiki na kulinda jani, na kila mwezi alituletea taarifa yenye neno moja: "Lipo." Nilijaza fomu: utekelezaji, asilimia mia.

Kwa kuwa kisiwa sasa kilikuwa na mafuta yake, meli iliagizwa isishushe tena dizeli. Huwezi kulipa ruzuku ya mafuta ya mimea na wakati huohuo ukapeleka mafuta ya pipa. Hilo lingekuwa unafiki.

Hapa sina budi kumtaja Leimas. Leimas ni nesi wa zahanati ya Laravet, na zahanati ndiyo yenye jenereta pekee ya kisiwa, inayoendesha jokofu la chanjo. Ni nesi hodari; katika darasa lake alikuwa wa kwanza. Ni mjukuu wangu pia, lakini hilo halikuathiri majibu niliyompa. Aliandika barua nne. Ya kwanza ilisema limebaki pipa moja la dizeli. Ya pili, nusu pipa. Ya tatu, ndoo. Ya nne ilisema: "Babu, jokofu limezima. Surua imeingia kisiwa jirani. Nina watoto thelathini na wanane hawajachanjwa." Nilimjibu kwa barua rasmi kwamba hoja yake imepokelewa, na kwamba aelekeze maombi ya nishati kwenye kinu kilicho hatua sitini kutoka mlangoni kwake.

Mwezi wa nane tulikwenda kukagua mafanikio. Wafadhili walikuwa wanafuata kwa meli yao baada ya wiki moja, na Waziri alitaka picha ya jenereta ikinguruma kwa mafuta ya nazi kabla hawajafika. Boti ya serikali ilibeba Waziri, katibu wake, mimi, mapipa manne ya dizeli ya safari ya kurudi, na kasha la chanjo kwenye barafu. Pale penye miamba maji yalikuwa madogo, hivyo mapipa yakashushwa na kuviringishwa ufukweni ili boti iwe nyepesi ipate kuvuka. Tangi lenyewe lilikuwa limebaki tupu.

Leimas alilifungua kasha, akaingiza mkono.

"Barafu hii itafika kesho mchana," alisema. "Haifiki jioni. Mheshimiwa, shikamoo. Naomba pipa moja."

"Pipa la nini, mwanangu?"

"La dizeli. Niwashe jokofu."

Waziri alimtazama kwa huruma ya kweli, nilikuwepo. "Mwanangu, nikikupa dizeli nitakuwa nimeiua sera kwa mikono yangu. Redio imetangaza. Unataka niwe mwongo?"

"Nataka uwe na friji."

"Tumia mafuta ya nazi!"

"Yako wapi?"

Wote tukatazama kinu. Zebulon alisimama kutoka kwenye kiti chake cha plastiki, akapiga saluti.

"Zebulon," akasema Waziri, "fungua hicho kinu, ukamue hata dumu moja."

"Siwezi, Mheshimiwa. Kuna jani."

"Likate!"

"Miezi mitatu jela, Mheshimiwa. Nina watoto. Lakini wewe ndiye uliyelifunga. Chinja nguruwe ufungue."

"Mimi Waziri nitoe wapi nguruwe? Nimekuja na mkoba!"

Chifu Molirongo akakohoa kidogo. "Na isiwe nguruwe mmoja, Mheshimiwa. Kwetu nguruwe huenda na cheo cha aliyefunga. Ulijitambulisha vyeo vitano. Tulihesabu. Watano, na wawe wenye meno yaliyojikunja."

Waziri akanigeukia. "Mkaguzi, toa msamaha wa kiutawala."

"Hakuna kifungu, Mheshimiwa."

"Kwa nini hakuna kifungu?"

"Nilikifuta."

Akasema kwamba atalishughulikia baada ya chakula, na hilo lilikuwa jambo la busara. Akina mama walikuwa wametandika laplapu, yaani viazi vikuu vilivyokunwa na kuokwa, juu ya majani ya mgomba. Waziri alimega tonge kubwa, akatafuna, akatafuna tena, akanywa maji.

"Mbona kavu hivi? Tui liko wapi?"

"Tui hutoka kwenye nazi, baba," alisema mama mmoja bila kuinua uso. "Nazi zote zina jani lako. Tunakula hivi tangu mwezi wa tano. Ruzuku tunanunulia maji ya kusukumia."

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Waziri alimaliza tonge lake kwa uchungu wa kizalendo, kisha akaenda kupumzika.

Alasiri Leimas aliniletea chai mbele ya zahanati. Alikuwa amelifunika kasha kwa blanketi mbili na alikuwa akilitazama kila baada ya dakika kama mgonjwa.

"Babu, ile kanuni yako. Inasema mnazi?"

"Inasema kitu."

"Kitu chochote?"

"Kitu chochote chenye uwezo wa kutoa nishati. Kunywa chai yako, inapoa."

"Anayefunga lazima awe mwenye hicho kitu?"

"Mwenyeji yeyote. Hatukutaka mabishano ya mashamba."

"Na akishachinja nguruwe akafungua, nani anatumia kwanza?"

"Aliyefunga. Nimelieleza hilo kwa ufasaha, naona hukuisoma."

"Nimeisoma, Babu. Nilitaka tu kusikia kwa mdomo wako." Akainama akanibusu kipaji, akaenda zake kuelekea msituni. Niliendelea kunywa chai. Afisa wa umma analazimika kumfafanulia sheria raia yeyote anayeuliza.

Alirudi na majani manne ya namele. Alifunga moja moja kwenye yale mapipa manne pale ufukweni, taratibu, mafundo mawili kama Waziri alivyofanya. Kijiji kizima kilikuja kutazama. Kisha Chifu Molirongo akaleta kinguruwe kimoja, kidogo, cheusi, chenye kelele kuliko ukubwa wake.

"Vyeo vyako vingapi, Leimas?" aliuliza Chifu kwa sauti ya hadhara.

"Kimoja, Chifu. Nesi."

"Basi huyu anatosha."

Kinguruwe kikachinjwa mbele ya chifu. Leimas akalifungua jani la pipa moja. Moja tu. Zebulon na vijana wakaliviringisha hadi zahanati, na kabla sijamaliza chai yangu, jenereta ilikohoa mara mbili ikaanza kunguruma. Waziri aliamshwa na mngurumo huo, akatoka mbio na shati wazi, uso ukimeta kwa furaha.

"Inafanya kazi! Mnaona? Mafuta ya nazi! Katibu, kamera!"

"Ni dizeli, Mheshimiwa," katibu akamnong'oneza. "Yetu."

Kilichofuata ufukweni sitakieleza chote. Waziri alimwita mjukuu wangu mwizi. Leimas alisimama mikono nyuma, kama nilivyomfundisha asimame mbele ya wakubwa.

"Sijaiba, Mheshimiwa. Nimezingatia Kanuni ya Saba."

"Tarosa! Haya mapipa ni ya serikali!"

"Ni vitu vyenye uwezo wa kutoa nishati, Mheshimiwa," nilisema.

"Huyu ni mjukuu wako!"

"Ndiyo, Mheshimiwa. Nimelitafakari hilo. Kanuni inasema mwenyeji, haisemi isipokuwa wajukuu. Ningekuwa nimependelea kama ningemnyima haki ya kila mwenyeji kwa sababu ya undugu."

"Nitakufukuza kazi!"

"Unaweza, Mheshimiwa. Barua ya kunifukuza hupitia kwa Mkaguzi Mkuu ili ithibitishwe."

Akanyoosha mkono kuelekea pipa lililo karibu. Zebulon, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa mlinzi wa jani moja na sasa alikuwa na manne ya kulinda, akasema kwa heshima kubwa: "Miezi mitatu, Mheshimiwa. Wa cheo chochote." Mkono ukabaki hewani kwa muda. Kisha Waziri akaushusha akajikuna nao shingo, na nchi yetu ikabaki nchi ya sheria.

"Basi nifungulie hayo matatu, binti," akasema kwa sauti nyingine kabisa.

"Nitayafungua jokofu likiyahitaji," akajibu Leimas. "Wewe una kinu, Mheshimiwa. Hatua sitini."

Kwa hiyo Waziri alinunua nguruwe. Chifu Molirongo ndiye aliyekuwa nao, na hakukopesha. Posho yote ya safari ilikwenda, ya Waziri na ya katibu, pamoja na viti viwili vya boti vyenye mito, ambavyo sasa vimo kwenye nakamali ambamo wazee hunywa kava, na husifiwa sana. Nguruwe watano wa meno yaliyojikunja wakachinjwa. Kisiwa kilikula nyama siku mbili. Waziri akafungua majani yake yote kwa mkono wake mwenyewe, la mlango na yale ya minazi ishirini na miwili. Yalifungwa siku moja, yakahesabiwa mwiko mmoja.

Hiyo ndiyo minazi pekee iliyokuwa huru. Majirani wangependa kusaidia, lakini wakigusa minazi yao wangepoteza ruzuku, na lengo la sera lilikuwa ruzuku isipotee. Hivyo walikaa kivulini wakatazama. Mheshimiwa Edmond Virambat na katibu wake waliokota nazi, wakazifua, wakazipasua, wakazianika zikawa mbata, wakazikausha kwa moshi mpaka macho yao yakawa kama ya samaki. Zebulon alisimamia.

"Hiyo bado mbichi, Mheshimiwa. Rudisha."

"Nimekaa nayo tangu jana!"

"Nazi haijui jana. Inajua kukauka. Na usikae upande wa moshi, utalia tena."

Siku ya sita walipata madumu mawili. Kwa mujibu wa kanuni, wa kwanza kuyatumia alikuwa Waziri mwenyewe, kwa boti yake. Alitaka kuondoka asubuhi ya Jumatatu mapema, kabla wafadhili hawajafika. Lakini mwezi wa nane kwetu ni wa baridi, na mafuta ya nazi yakipata baridi huganda. Alipolifungua dumu alikuta kitu cheupe, kizito, kinachofaa kupakwa nywele.

"Lipeleke juani uliegemeze kifuani," Zebulon alimshauri. "Mwili wa mtu una joto zuri. Mtu mwenye tumbo anayeyusha haraka."

Wakati huohuo, ndani ya zahanati, Leimas alikuwa akimchoma sindano mtoto wa thelathini na nane. Wa kwanza hadi wa thelathini walikuwa wamechomwa Ijumaa. Hawa wanane walishuka kutoka milimani na mama zao Jumapili. Chanjo ilikuwa baridi kama inavyotakiwa. Mtoto huyo alipiga kelele zilizosikika mpaka kwenye miamba.

Meli ya wafadhili ilipotia nanga saa mbili asubuhi, jambo la kwanza waliloliona lilikuwa Waziri wa nchi, ameketi peke yake mchangani, bila shati, amelikumbatia dumu, akilisugua mgongoni kama mtoto aliyeshiba maziwa.

"Anafanya nini?" aliniuliza kiongozi wao, mama mrefu mwenye kofia pana.

"Anapasha nishati," nilimjibu.

"Mafuta hayo ameyakamua nani?"

"Yeye mwenyewe. Kutoka kwenye mnazi mpaka kwenye dumu. Na ni kwa safari yake mwenyewe."

Yule mama akavua kofia. Alisema kwamba kwa miaka yote ya kutoa ruzuku, katika nchi zote alizozunguka, hajapata kuona kiongozi akiamini sera yake kiasi hicho. Alimpiga picha nyingi, na safari hii hakuna aliyelalamikia mwanga. Waziri alitabasamu bila kuliachia dumu.

Pendekezo lao lilifika mjini wiki iliyofuata, nami nimepewa kazi ya kuliandika liwe Kanuni ya Nane. Ruzuku itaendelea, kwa sharti moja: kuanzia sasa kila waziri, kwa kila safari, atatumia mafuta aliyoyakamua kwa mikono yake. Karani wa sheria ameniletea rasimu. Mwishoni amechomeka maneno "isipokuwa katika dharura."

Kalamu yangu nyekundu ingali na wino.

Ama jokofu la Laravet, linaendelea kunguruma kwa lile pipa la kwanza, na mapipa matatu bado yana majani. Hiyo ni dizeli, na fomu yangu haina nafasi yake, kwa hiyo nimechora safu mpya kwa rula na kuandika juu yake: Watoto.